Mzigo Ukae Chini: Keria, Tela au Begi la Mgongoni?

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo ni swali linalomkwamisha kila anayejiandaa kwa safari ndefu ya baiskeli: vitu vyangu nivibebe wapi? Kaka Musa, wewe ulianza na begi la mgongoni.

MUSA: Nilianza nalo, na simshauri mtu. Siku ya kwanza unaona sawa tu. Ikifika ya tatu mabega yanawaka moto, na makalio yanauma kwa sababu uzito wote wa begi unaishia kwenye siti. Tena uko juu, ukikata kona unayumba.

ZUHURA: Kwa hiyo keria.

MUSA: Keria na mifuko ya pembeni, ile isiyopitisha maji, unayoikunja mdomo ndipo unaifunga. Mjerumani Hartmut Ortlieb alishona ya kwanza kwa turubai la lori, akafungua kampuni mwaka 1982. Wazo lilelile ndilo tunalotumia hadi leo. Sasa, keria nyingi za nyuma zimeandikwa mwisho kilo 25, na mtu akisoma pale anajaza zote 25. Jamani! Gurudumu la nyuma tayari limekubeba wewe. Ukirundika kila kitu huko, spoku zinaanza kukatika, na mara nyingi ni za upande wa gia, ambako huwezi kuingiza mpya bila kufungua kaseti, yaani lile rundo la gia za nyuma.

ZUHURA: Ndiyo maana nawasihi watu wagawe mzigo, mwingine uende mbele. Wanaogopa usukani utakuwa mzito. Ni kweli, mwanzoni unausikia. Lakini mifuko miwili midogo ikining'inia chini, usawa wa ekseli ya mbele, baiskeli inatulia, na ukipanda mlima gurudumu la mbele halitaki kunyanyuka. Kulia na kushoto tu ndiko kulingane.

MUSA: Na tela?

ZUHURA: Kama una mzigo mkubwa kweli, sawa. Ila ni tairi jingine la kupata pancha, mara nyingi lenye saizi yake ya tyubu, na kwenye ngazi za stesheni utajuta.

MUSA: Baiskeli isiyo na matundu ya keria, funga mifuko kwenye fremu, usukani na chini ya siti. Kwenye njia nyembamba za porini naipenda namna hii kuliko zote. Vizito viingie kwenye mfuko wa fremu. Wa siti ukiujaza vyuma, unatikisika kama mkia.

ZUHURA: Lakini mfuko wowote ule, kagua bolti. Mimi siku ya nne, kwenye changarawe, nilisikia kaka-kaka-kaka nyuma nikapuuza. Kwenye mteremko keria ikainama, mfuko ukaanza kukwaruza spoku. Nilisimama mikono inatetemeka. Bolti moja ilikuwa imejilegeza mpaka ikadondoka. Nikafungua ya kishikio cha chupa ya maji, ikaingia palepale, kwa sababu kwa kawaida zote ni za unene wa milimita 5.

MUSA: Hapo angalieni urefu. Upande wa gia, bolti ikizidi inatokeza kwa ndani, cheni ikishuka gia ndogo kabisa inaigonga.

ZUHURA: Bolti yangu ilikuwa upande wa pili, namshukuru Mungu. Siku hizi nabeba 4 za akiba ndani ya kifuko cha viraka.

MUSA: Na kabla ya kuondoka, pakia kila kitu, shika siti, itikise kulia na kushoto. Mfuko ukicheza wenyewe, fungua ufunge upya. Halafu zunguka nusu siku, upite na mlima.