Valvu za Moyo, Watoto wa Shule na Utafiti Uliofanyika Kwetu

Ndugu walimu, wauguzi wenzangu, na nyinyi vijana wa vyuo vya afya mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa magonjwa ya moyo. Uwanja huo ni mpana, kwa hiyo nimechagua ugonjwa mmoja tu: kuharibika kwa valvu za moyo, yaani milango midogo inayoruhusu damu kwenda mbele bila kurudi nyuma, kunakotokana na homa ya rumatiki. Nimeuchagua kwa sababu majibu makubwa ya miaka ya karibuni yametoka kwa wagonjwa wa nchi kama zetu, na jibu moja lilikuja kinyume kabisa na matarajio.

Chanzo chake wengi mnakijua. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo yanavimba, homa siku mbili tatu, anapona, anarudi kucheza. Bakteria aliyemuumiza anaitwa streptokoka wa kundi A. Kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, kinga ya mwili iliyoamka kupambana na bakteria huyo huanza kuushambulia mwili wenyewe. Leo goti linavimba, kesho kifundo cha mguu, na moyo nao hausalimiki. Viungo hupona. Valvu hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu jingine. Kulala wengi chumba kimoja na koo lisilotibiwa mapema ndivyo vinavyoulea ugonjwa huu.

Kisha miaka inapita kimya. Binti anakua, anaolewa, anashika mimba. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, ikiwa imesinyaa haiwezi kuipitisha. Anabanwa na pumzi, hawezi kulala chali, miguu inavimba. Nyumbani wanamwambia mimba ndivyo ilivyo. Wengi wa aina hii tunawapokea wakiwa wamechelewa sana. Ni kweli kwamba siku hizi valvu hubadilishwa hapa hapa, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na ninashukuru kwa hilo. Lakini mtu akishafika kwenye kubadilishiwa valvu, ujue tumempita njiani mara nyingi.

Kwa zaidi ya karne moja daktari alitegemea sikio lake na stetoskopu. Mwaka 1953, mjini Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler alikuwa anatafuta namna ya kujua valvu hiyo hiyo ya mitrali imeharibika kiasi gani kabla mgonjwa hajapasuliwa. Akashirikiana na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Wakaazima mashine ya mawimbi ya sauti kutoka kiwanda cha meli cha Malmö, ambako ilitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakaielekeza kifuani. Hapo ndipo kilipoanzia kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Vijana, nataka mlijue hilo: chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya ugonjwa huu, halafu kikachukua miaka mingi mno kuwafikia wanaougua zaidi.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya watoto wa shule 2,170 wa Maputo, Msumbiji. Waliogundulika kwa kusikilizwa kifua walikuwa 5. Kwa eko walikuwa 66. Kambodia nako tofauti ilikuwa karibu mara kumi. Maana yake, watoto walikuwa wamekaa darasani na ugonjwa ambao sikio la daktari mzuri halikuweza kuusikia.

Mnaona nini kwenye skrini ya eko? Kipande cha mbele cha valvu ya mitrali yenye afya hufunguka huru mpaka kwenye ncha. Kilichoguswa na ugonjwa, ncha yake imeshikwa na kovu, hivyo kinapofunguka hujikunja kama goti. Ukiwasha rangi, unaona damu ikivuja kurudi ilikotoka. Mtoto mwenyewe yuko pale kitandani anacheka kwa sababu jeli ni ya baridi. Haumwi popote.

Sasa huyu umfanye nini? Wataalamu walibishana kwa miaka, na walikuwa na haki ya kubishana. Wauguzi mnaijua benzathini penisilini, sindano ya kuzuia bakteria wa koo asirudi: unga mweupe, ukiuchanganya unakuwa mzito, unaziba sindano usipouwahi, unausukuma polepole, na mtoto anachechemea mpaka jioni. Kumchoma hivyo kila mwezi kwa sababu ya picha tu si jambo dogo.

Jibu lilitoka kaskazini mwa Uganda. Watafiti wa Uganda na wenzao wa nje waliwapima kwa eko watoto 102,200 wa miaka 5 hadi 17. Watoto 818 wenye ugonjwa uliojificha waligawanywa kwa kura, nusu wakachomwa sindano kila baada ya wiki 4, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Waliosoma picha hawakujua ni ya mtoto wa kundi gani. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 wa kundi la sindano. Kundi lingine walikuwa 33. Na wale wanaosema watoto wa vijijini hawawezi kufuatiliwa, wajue kwamba 799 walifika mwisho wa utafiti.

Sitaki mtoke hapa na picha isiyo kamili. Hata miongoni mwa wasiochomwa, wengi ugonjwa wao haukusonga, na miaka 2 ni michache kwa ugonjwa wa maisha. Lakini 3 kwa 33 ni tofauti ambayo mimi siwezi kuipuuza.

Nilisema kuna jibu lililokuja kinyume. Valvu ikiharibika, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo, damu ikaganda ndani yake, na bonge likapanda kichwani likaleta kiharusi. Tunazuia kwa wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, inayodai kupimwa damu mara kwa mara. Zilipokuja dawa mpya zisizodai vipimo hivyo, majaribio yake makubwa yaliwaacha nje wagonjwa wenye valvu iliyosinyaa kama wa kwetu. Wengi waliamini zingefaa tu. Utafiti wa INVICTUS ukawachukua wagonjwa 4,531 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, na matokeo yakatoka mwaka 2022: waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, walikufa 552, waliotumia dawa za jamii ya wafarini 442. Tungefuata dhana tungewapoteza watu. Kwa hiyo hospitali ya wilaya inahitaji kipimo cha kuganda kwa damu kinachofanya kazi wiki zote za mwaka, kabla ya kuota dawa ghali.

Uganda wameshaanza kuuliza swali linalofuata: je, vidonge vya penisilini vinaweza kushika nafasi ya sindano? Vikitosha, mtoto atapumua na muuguzi wa zahanati atapumua. Visipotosha, kazi yetu ni kuhakikisha benzathini haikosekani dirisha la dawa. Karibuni maswali. Naomba walimu waanze, maana watoto wanashinda nanyi.