Biashara ya Ulinzi: Mafia ya Sisilia, Ilikotoka na Inavyojiendesha

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kuja.

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi kuhusu mafia ni kwamba ilizaliwa na njaa: Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, ilikuwa maskini, vijana wakakosa kazi, wakashika bunduki. Umaskini ulikuwapo kweli, tena wa kutisha. Lakini ukisoma taarifa za polisi na za tume za bunge la Italia za miaka ya 1870, mafia inatajwa kwa wingi pembezoni mwa Palermo, mji mkuu wa kisiwa, katika bonde la Conca d'Oro, na bonde hilo lilikuwa tajiri. Lilijaa mashamba ya malimau, na mwaka 1860 ilikadiriwa kwamba hakuna ardhi ya kilimo Ulaya iliyokuwa na faida kuyashinda. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likiwapa mabaharia wake maji ya limau dhidi ya kiseyeye tangu 1795. Soko la Marekani likafuata. Kufikia katikati ya miaka ya 1880, New York peke yake ilikuwa ikipokea kila mwaka masanduku kama milioni 2.5 ya malimau na machungwa ya Italia, mengi yakipakiwa Palermo. Kwa hiyo tuanze na fedha.

Limau ni zao la mwenye mtaji. Lazima ujenge ukuta wa kuzuia upepo na wezi, ununue zamu ya maji ya mfereji au uchimbe kisima, uweke ghala, kisha usubiri miaka kadhaa kabla mti haujarudisha ulichotumia. Muda wote huo mali yako iko wazi. Mtu mmoja mwenye shoka anaweza kukufilisi usiku mmoja. Mtu anayeshika funguo za maji anaweza kukufilisi kwa wiki mbili za Julai bila kugusa mti.

Nani basi alikuwa akilinda? Hadi mwaka 1812, ukabaila ulipofutwa kisheria kisiwani, makabaila walikuwa na askari wao. Baada ya hapo ardhi ikaanza kuuzwa na kukodishwa, na wale askari wakabaki na bunduki na ujuzi wao, huku mabwana zao wa zamani wakiondoka. Ndani ya kisiwa, mbali na pwani, kwenye mashamba makubwa ya ngano, akajitokeza gabelloto, mtu aliyekodi shamba zima kwa kabaila anayeishi mjini, akalipangisha vipandevipande kwa wakulima, na kuajiri walinzi wa farasi kuwabana. Mwaka 1860 Giuseppe Garibaldi, mpigania umoja wa Italia, akashuka Marsala, pwani ya Sisilia, na mwaka uliofuata ufalme mpya wa Italia ukatangazwa. Ufalme ulileta kodi na kuwachukua vijana jeshini kwa lazima, lakini polisi wake walikuwa wachache na hawakuaminika. Mwaka 1866 Palermo iliasi kwa wiki nzima. Katika hali hiyo mwenye mali aliyeibiwa alimwendea mtu anayejulikana kwamba anaweza kuirudisha, na mtu huyo mara nyingi alikuwa anawajua wezi vizuri mno.

Kisa kimoja kinaonyesha hatua zote. Mwaka 1872 daktari wa upasuaji Gaspare Galati alikabidhiwa kusimamia shamba la malimau la Riella, hekta nne, mwendo mfupi tu kutoka Palermo. Mlinzi wake, Benedetto Carollo, alikuwa akichukua asilimia 20 hadi 25 ya bei ya mazao, na hata makaa ya mawe ya pampu ya maji aliyaiba. Nia yake ilikuwa kuliharibia shamba jina ili mwisho alinunue kwa bei ya kutupa. Galati akamfukuza. Marafiki wakamshauri amrudishe, naye akakataa, akaajiri mlinzi mwingine. Julai 1874 mlinzi huyo mpya akapigwa risasi mgongoni, akafa. Zikaanza kuja barua: umemfukuza mtu wa heshima, umeajiri mpelelezi. Akapatikana mlinzi mwingine, naye akapigwa risasi. Galati alipeleka barua zote polisi, na kesi haikufika popote. Mwaka 1875 akahamia Napoli na familia yake, akaacha shamba na wagonjwa wake. Ndipo alipoiandikia wizara ya mambo ya ndani kuhusu Uditore, kijiji cha watu kama 800 ambacho kundi la mafia lililokuwa nyuma ya Carollo lilikifanya makao, akieleza kwamba kwa mwaka 1874 pekee waliuawa watu wasiopungua 23. Kiongozi wa kundi hilo, Antonino Giammona, alikuwa mtu mwenye ardhi na marafiki wa kisiasa.

Mchunguzi Leopoldo Franchetti, aliyezunguka kisiwa miaka hiyohiyo, aliliona jambo hili wazi kuliko serikali iliyokuwa Roma. Alisema ukatili kule umekuwa sekta ya uchumi, yenye mtaji na wateja, na wanaoiendesha ni watu wa tabaka la kati. Nadhani hakuna aliyesema vizuri zaidi tangu hapo.

Sasa fikirini tatizo la mwenye biashara hii. Hawezi kuandikiana mkataba na mtu, akidhulumiwa na mwenzake haendi mahakamani, na kila anayeshirikiana naye anaweza kumuua. Kanuni za Cosa Nostra, jina ambalo mafia ya Sisilia hujiita, hata zile zenye sura ya dini, ni majibu ya tatizo hilo moja. Nyingi tunazijua kwa undani tangu mwaka 1984, pale mwanachama wake Tommaso Buscetta alipomweleza hakimu mpelelezi Giovanni Falcone namna chama kilivyojengwa.

Kitengo cha msingi ni familia, ambayo si lazima iwe ya damu. Ni kundi linalomiliki eneo, mtaa wa Palermo au mji mdogo. Wanachama wa kawaida huitwa askari au watu wa heshima, na hupangwa chini ya mkuu wa kumi. Juu yao yupo mwakilishi, ambaye huchaguliwa na wanachama, akiwa na naibu na mshauri. Familia kama tatu zinazopakana hufanya mandamento, na wakuu wa mandamento za mkoa hukaa katika Halmashauri, iliyoundwa Palermo mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi ya Halmashauri ilikuwa kuzuia vita vya ndani: mwenye eneo lazima aombwe ruhusa kabla ya mtu kuuawa kwake, na kumuua hakimu, polisi au mwanasiasa kulihitaji idhini ya Halmashauri yenyewe, kwa sababu kisasi cha dola huwaangukia wote.

Kijana hachukuliwi kwa kuomba. Hutazamwa kwa muda mrefu. Ukoo wake hukaguliwa usiwe na polisi wala hakimu, naye hujaribiwa, mara nyingi kwa mauaji. Siku ikifika huletwa na mdhamini wake mbele ya watu wa heshima wasiopungua watatu. Husomewa masharti, na huambiwa kwamba bado anaweza kuondoka. Akikubali, huchomwa kidole, tone la damu huwekwa juu ya picha ya mtakatifu, picha huwashwa moto, naye huirusha kutoka kiganja hadi kiganja akiapa kwamba nyama yake iungue hivyohivyo akisaliti. Baada ya hapo hakuna kujiuzulu.

Mwanachama haruhusiwi kujitambulisha mwenyewe kwa mwanachama asiyemjua. Lazima awepo wa tatu anayewafahamu wote wawili, aseme huyu ni kitu kimoja na sisi. Na kati yao kusema uongo ni kosa kubwa, kwa hiyo wasipotaka kusema hunyamaza. Ukiangalia vizuri, hizi mbili ndizo zinazokifanya chama kuwa chama. Ya kwanza hukizuia kuingiliwa na polisi na matapeli. Ya pili hufanya neno la mtu litoshe pale ambapo maandishi ni hatari. Kunyamaza mbele ya dola, wanakokuita omertà, ni nyongeza ya haya.

Lakini utaratibu huu una tundu, na Salvatore Riina, mkuu wa familia ya mji mdogo wa Corleone, alipita humo. Familia yake iliwaficha wanachama wapya, haikuwatambulisha kwa familia nyingine, hivyo wapinzani hawakujua ana watu wangapi wala sura zao. Wakati huohuo alijipatia washirika ndani ya familia za wengine. Ilipofika Aprili 1981 akauawa Stefano Bontate, na mwezi uliofuata Salvatore Inzerillo, wakubwa wawili wa Palermo, kisha ndugu na marafiki zao kwa mamia. Wengi walinyongwa na miili ikapotezwa, ili pasiwe na ushahidi wala kaburi. Halmashauri iliyoundwa kuzuia vita ikawa chombo cha mtu mmoja. Na hapo ndipo walioshindwa, akiwamo Buscetta aliyepoteza watoto wawili, walipoanza kusema. Riina aliua kanuni ya kuaminiana, na wenzake wakaona hawana tena kitu cha kukilindia kimya.

Turudi kwenye mapato. Heroini ilileta fedha nyingi sana mwishoni mwa miaka ya 1970, Palermo ilipokuwa na maabara zake. Lakini msingi wa utawala wa eneo ni pizzo, malipo ya ulinzi. Duka jipya likifunguliwa, asubuhi moja mwenyewe anakuta kufuli limejazwa gundi. Hakuna barua. Akiuliza majirani, anaambiwa atafute rafiki wa kumweka sawa. Naye anamtafuta! Ndiyo sababu kesi hizi ni ngumu: aliyetishwa ndiye aliyebisha hodi. Kisha bei inatajwa, rafiki anaombea punguzo, na mlipaji anaondoka akijiona amesaidiwa. Malipo hukusanywa kila mwezi, au Krismasi, Pasaka na katikati ya Agosti, na majina huandikwa daftarini. Baada ya Riina kukamatwa Januari 1993, mrithi wake Bernardo Provenzano, aliyetuma maagizo kwa vikaratasi vilivyokunjwa, alipendelea walipe wote na walipe kidogo. Kiasi kidogo hakimsukumi mtu kwenda polisi, na kila anayelipa amekiri nani mwenye mtaa.

Kwenye ujenzi ni asilimia 2 au 3 ya thamani ya kandarasi, na zaidi ya hapo, masharti ya nani auze mchanga, nani achimbe, nani alete zege. Zege lina sababu yake: likishachanganywa huanza kuganda baada ya muda mfupi, haliwezi kutoka mbali. Anayemiliki mtambo wa karibu anamiliki kila jengo. Hivyo ndivyo ardhi ya malimau ya Conca d'Oro ilivyomezwa. Kati ya 1959 na 1963 manispaa ya Palermo ilitoa vibali vya ujenzi zaidi ya 4,000, na sehemu kubwa ilikwenda kwa majina machache ya watu wasiokuwa wajenzi kabisa. Mashamba yakawa maghorofa.

Dola ilishindwa kwa miaka mia moja kwa sababu ilikuwa ikishtaki mtu mmoja kwa kosa moja, na mashahidi hawakuwapo. Katika kesi ya mafia iliyosikilizwa Bari, Italia bara, mwaka 1969, washtakiwa wote 64 waliachiwa. Mbunge Pio La Torre, mtoto wa wakulima wa Palermo, alipendekeza sheria nyingine. Akauawa Aprili 1982. Septemba 3 akauawa Jenerali Carlo Alberto Dalla Chiesa, aliyetumwa Palermo kupambana na mafia, na siku kumi baadaye sheria ikapita. Kifungu chake cha 416 bis cha sheria ya jinai kinasema kosa ni kuwa katika chama cha watu watatu au zaidi kinachotumia nguvu ya vitisho inayotokana na chama chenyewe, na unyonge na ukimya unaozaliwa na vitisho hivyo. Ukimya ulioziua kesi za nyuma sasa ukawa sehemu ya ushahidi.

Falcone naye alifuata fedha, akidai hati za benki za kubadilisha dola za Marekani, moja baada ya nyingine. Kesi kuu dhidi ya Cosa Nostra ilianza Februari 10, 1986 katika ukumbi uliojengwa maalumu kando ya gereza la Ucciardone, ikamalizika Desemba 1987 kwa vifungo vya maisha 19. Januari 30, 1992 Mahakama ya Kasesheni, ya juu kabisa kwa rufaa Italia, ikathibitisha hukumu. Miezi minne baadaye Falcone, mkewe Francesca Morvillo na walinzi watatu waliuawa kwa bomu la barabarani Capaci. Julai 19 hakimu mwenzake Paolo Borsellino na walinzi watano wakafuata. Watu hawa wanastahili kutajwa kwa majina kila mahali mafia inapozungumzwa.

Sheria ileile ya 1982 iliruhusu kutaifisha mali. Wapelelezi hulinganisha mapato aliyotangaza mtuhumiwa na mali yake, ya mkewe na ya watoto. Pengo likiwa kubwa, mahakama hushikilia mali na kuteua msimamizi. Asipoeleza ilikotoka, inachukuliwa. Sheria ya mwaka 1996 ikaelekeza itumike kwa faida ya jamii. Nyumba na mashamba ni rahisi kiasi. Kampuni ni ngumu, na nyingi hufa. Benki hudai mikopo yake mara moja, wateja waliokuwa wakinunua kwa hofu hupotea, na kampuni inaanza kulipa kodi na bima za wafanyakazi ambazo haikuwahi kulipa, kwa hiyo bei yake inapanda.

Mtambo wa zege wa Calcestruzzi Ericina, mjini Trapani, ulichukuliwa kutoka kwa mkuu wa mafia wa huko, Vincenzo Virga. Mara tu serikali ilipoukabidhiwa, oda zikakauka, kwani mafia ilikuwa imeagiza usinunuliwe ili uanguke na kurudi kwao kwa bei ya chini. Mkuu wa mkoa wa wakati huo, Fulvio Sodano, akaingilia kuutetea, na oda zikaanza kurudi. Wafanyakazi wakaunda ushirika, na mwaka 2009 mtambo ukafunguliwa upya, ukiwa na mashine ya kusaga vifusi vya majengo kuwa kokoto.