Rainbow Road: barabara isiyo na ukuta

Haya, shikamooni wazee wetu mliokaa huku mbele, na nyie machalii na madada mambo vipi. Asanteni kwa kunialika Arusha. Nimetoka Moshi asubuhi na Costa ikawa inasimama kila mahali, Kwa Sadala, Boma, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa, kwa iyo nilipata muda mrefu wa kupanga nitaongea nini, ila nilivofika mkanionyesha kwanza gemu yenu ya mbio za magari mliyoitengeneza na nikaona yale niliyopanga niyaache tu.

Kazi yenu nzuri, nasema kutoka moyoni. Njia ya angani mmeichora vizuri, nyota zipo, sayari yenye pete ipo, roketi inapita juu na inatoa moshi kabisa. Lakini nimecheza raundi 3, nimeenda ukingoni makusudi mara tano, na kila mara gari linagonga kitu kisichoonekana linarudi katikati ya barabara. Nikajiuliza, sasa hapa niko angani au niko ndani ya chumba kilichopakwa rangi ya usiku? Ndo hapo nataka tukae leo, kwenye ukingo.

Babu wa njia zote za namna hii ni Rainbow Road ya Mario Kart, zile gemu za mbio za vigari za kampuni ya Nintendo. Ilianza 1992 kwenye Super Mario Kart, mashine ni Super Nintendo, gemu ile ilikuwa na njia 20 na hii ndo ya mwisho kabisa kwenye Special Cup, lile kundi la njia ngumu kuliko zote. Tangu hapo hawajaiacha, mpaka Mario Kart World ya 2025 imo.

Sasa muelewe ile mashine ya 1992 ilikuwa haiwezi kuchora mlima na bonde kama kompyuta zenu. Ilikuwa na ujanja mmoja unaitwa Mode 7, yaani inachukua picha moja bapa, inaizungusha, inaivuta, inailaza mpaka jicho linadanganyika unaona kama unaenda mbele juu yake. Mkirudi nyumbani tandikeni khanga sakafuni, mmoja alale kifudifudi aweke kidevu kwenye pindo, mwingine aivute taratibu kuja kwake, muone yale maandishi yanavokua yakisogea. Ndo hivo hivo. Na hesabu zake zilikuwa nyingi mpaka ndani ya kaseti ya gemu wakaongeza chipu nyingine ya kusaidia, DSP-1.

Kwenye khanga ukuta utauchora tu, hauwezi kusimama. Mimi naamini ndo maana anga iliwafaa sana, kwa sababu nje ya barabara hamna kitu cha kuchora, ni giza na nyota basi. Wakaweka vigae vya rangi, kona zimekatwa kama kona ya meza, ukipitiliza umeshaanguka. Afu wakaweka Thwomp, yale majiwe yenye sura ya hasira, yanashuka katikati ya njia, ukiligusa moja gari linazunguka, na likizunguka linaelekea wapi? Shimoni. Anakuja Lakitu, yule wa kwenye wingu mwenye fimbo ya kuvulia samaki, anakuokota anakurudisha barabarani na sarafu zako 2 zimeondoka. Hakuna kitu cha ziada pale. Barabara, giza, na bei ya kuanguka.

Mwaka 1996 ikaja Mario Kart 64 na mashine sasa ina nguvu, milima inachorwa, miteremko inachorwa. Rainbow Road yake nzuri kuangalia jamani, sura za wahusika zimewashwa angani kwa taa za neoni, muziki unabembeleza, njia ndefu mpaka raundi 3 zinakula karibu dakika 6. Ila wakaizungushia uzio wa nyota mwanzo mpaka mwisho. Nawaheshimu sana walioitengeneza lakini pale naona walikosea, kwa sababu unaendesha dakika 6 juu ya shimo ambalo haliwezi kukufanya kitu. Na wachezaji wenyewe walilisema kwa vitendo, maana kuna mteremko mkali mwanzoni, ukiruka vizuri unavuka ule uzio unaelea unatua chini mbele kabisa ya wenzako, na watu wamefanya mazoezi ya huo mruko mmoja miaka na miaka. Walinyimwa ukingo wakaenda kuutafuta wenyewe.

Mimi niliijua kwenye Wii, mashine nyingine ya Nintendo, gemu ni Mario Kart Wii ya 2008. Binamu zangu wa Pasua, kule Moshi, walitumiwa mashine na mjomba wao, tukawa tunajazana sebuleni kwenye mkeka, padi 2 watoto saba. Rainbow Road ya mule ipo juu ya Dunia kabisa, unaiona chini kule bluu, na ukipitiliza kona gari halipotei tu gizani, linashika moto, linaacha mkia, linakwenda kama kimondo mpaka linaisha. Nakumbuka nilikuwa nakunja vidole vya miguu kwenye mkeka kila kona, kama vile nashikilia barabara. Mama mdogo alikuwa anachambua maharage mlangoni, hana habari na gemu, ila mara ya kwanza nilivowaka akasimama na ungo mkononi, “Jamani, sasa huyo amekufa?” Tukamwambia hapana mama, anarudi. Akakaa. Lakini kuanzia pale kila mtu akianguka tunasikia kutoka mlangoni, “pole.” Hainui hata kichwa, anachambua tu, pole, pole baba. Nimecheza zile njia zenye uzio pale pale sebuleni, mbele ya mama yule yule, na hakuna siku alinipa pole kwa kugonga uzio.

Wengine mtaniambia kaka, kwa kweli angani mtu haanguki hivo. Kweli kabisa, na ni jambo tamu kulijua. Mwaka huo huo wa 2008, mwezi wa Novemba, mwanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper alikuwa nje ya kituo cha kimataifa cha anga anafanya ufundi, grisi ikamwagika ndani ya mfuko wa vifaa, akawa anaifuta, mfuko ukamponyoka. Haukuanguka. Ulielea ukaenda zake taratibu, yeye anauangalia tu, kwa sababu mfuko na yeye na kituo wote walikuwa kwenye mwendo mmoja, karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo ule hapa mpaka Moshi ni kama sekunde 10. Mfuko ukaizunguka Dunia zaidi ya miezi 8, ukishuka kidogo kidogo, mpaka Agosti 2009 ukaingia kwenye hewa nzito ukaungua. Yaani mwisho wake ni ule ule wa gari langu pale Pasua, ila waliotengeneza gemu waliichukua miezi 8 wakaibana ikawa sekunde 3. Huo ndo ufundi ninaousema, wanajua ukweli ukoje na wanajua waukate wapi. Na ule moto msidhani ni msuguano tu, sehemu kubwa ni hewa ya mbele inayobanwa ghafla mpaka inachemka, kama pampu ya baiskeli inavopata moto ukijaza tairi harakaharaka.

Kuna na Mwezi. Mario Kart 7 ya 2011 inakupitisha juu ya pete za sayari afu unatua mwezini na gari linakuwa jepesi, ukiruka unakaa juu muda mrefu. Hiyo nayo imetoka kwenye kweli. Watu wameendesha gari mwezini safari 3, Apollo 15 mwaka 1971, kisha 16 na 17 mwaka 1972. Mvuto kule ni moja ya sita ya huku, kwa iyo gari linarukaruka na tairi halishiki sana chini, na tairi zenyewe hazikuwa za mpira, zilisukwa kwa waya. Apollo 17, mwanaanga Gene Cernan alipita karibu na gari, nyundo aliyobeba mfukoni ikavunja madigadi ya nyuma, vumbi likawa linawamwagikia wote wawili. Wakachukua ramani 4, wakaziunganisha kwa tepu, wakazibana na vibanio pale ilipokuwa madigadi, wakaendelea na safari. Fundi yeyote wa Unga Limited hapa Arusha angewaelewa. Nyie mna sehemu ya mwezini kwenye njia yenu lakini gari linakamata chini kama liko kwenye lami ya Njiro, punguzeni mshiko, mruko uwe mrefu, usukani uchelewe kuitika.

Haya, turudi kwenye ule ukuta. Siwaambii muutoe wote leo, mtu akianguka kila sekunde 5 atazima kompyuta aende zake. Kuanguka kuwe na bei lakini kurudi kuwe haraka, na kona ionekane mapema kabla hajaifikia, asije akasema ameonewa. Kile kipande kirefu cha mwanzo acheni kilivo azoee usukani. Ila ile kona ya tatu, pale sayari ya pete inapotokea na mtu anainua macho kuiangalia, pale toeni.

Kompyuta bado imewaka? Nani aliandika sehemu ya ukuta? Wewe wa sweta la bluu, njoo basi, futa wa kona ya tatu peke yake, hifadhi, usiguse kingine. Na mama uliyekaa hapo mbele, samahani nakusumbua, naomba uje ushike hii padi, wewe ndo utaanza.