Umri wa Graniti Si Umri wa Bati

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu hadi sasa naletewa ripoti ambazo waandishi wake wamepima umri wa graniti iliyo jirani, kisha wakauandika kuwa ndio umri wa mbale (mawe yenye madini) za bati na tungsteni. Zirkoni, punje ndogo za madini zilizomo ndani ya graniti, hutueleza graniti iliganda lini. Haitwambii maji ya moto yalipenya lini kwenye nyufa na kuacha kasiteraiti, ambayo ni madini ya bati, na wolframaiti, ya tungsteni. Kule Cornwall, nchini Uingereza, graniti zilipanda kwa awamu, kuanzia takribani miaka milioni 293 hadi milioni 274 iliyopita. Anayechagua graniti isiyohusika anaweza kupotea kwa karibu miaka milioni 20.

Kishike mkononi kipande cha mshipa: kwarzi nyeupe, punje za kasiteraiti nyeusi zenye kung'aa, na pembezoni utando wa mika unaometameta kama fedha. Mtaniuliza, kwa nini tusipime mika, ambayo pengine iliota pamoja nazo? Swali ni la haki. Saa ya mika huendeshwa na potasiamu inayogeuka kuwa agoni, na agoni ni gesi. Joto likipita takribani nyuzi 400 za Selsiasi, gesi hiyo huvuja, na mwamba ukipashwa moto tena baadaye, hesabu huanza upya. Kwa hiyo mika mara nyingi hutupa umri wa kupoa. Kasiteraiti hupokea urani kidogo inapoota; urani hiyo hugeuka polepole kuwa metali ya risasi, na risasi inayozaliwa humo haitoki kwa urahisi, hata katika joto ambalo tayari limeivuruga saa ya mika. Hata punje iliyobebwa na mto ikazikwa mchangani bado ina umri wake ndani.

Ugumu upo, nami siufichi. Kasiteraiti nyingine ina urani haba mno, huku ikiwa na risasi nyingi ya tangu mwanzo, isiyotokana na urani hiyo. Ukiihesabu, umri unazidi ukweli. Ndiyo maana tunachoma vidoa vingi kwa leza juu ya punje, tukitafuta vyenye uwiano tofauti wa urani na risasi, ili umri usomwe kwenye mstari unaoviunganisha. Molibdenaiti, madini ya molibdeni, ikiwepo, ipimwe kwa reniamu inayogeuka kuwa osmiamu. Wolframaiti nayo sasa inapimika kwa urani na risasi, lakini muda umenibana. Ninachoomba ni kwamba sampuli ya kwanza mtakayoipeleka maabara iwe ya mbale yenyewe.