Amerudi Tena: Shida Si Kulazwa, Shida ni Vile Tunawatoa

Mratibu amenipa dakika ishirini na tayari anaangalia saa, kwa hivyo sitawaeleza bodalaini, ule ugonjwa wa haiba (borderline personality disorder), ni nini. Wengi wenu hapa Kisumu mko na mmoja nyumbani ama wodini na mnamjua vizuri, zile hasira za ghafla, kuogopa kuachwa, kujikata, asubuhi wewe ni malaika jioni wewe ni adui. Mimi nimekuja na ile hoja yangu ya kila siku, wale mmeshaisikia endeleeni na soda.

Chukua karatasi ya kutoka wodini. Kuna msichana, nimechanganya watu kadhaa ndio asijulikane, tuseme ni wa Nyalenda. Ijumaa mpenzi wake amemwacha, usiku amemeza vidonge, analetwa na boda amebanwa katikati ya dereva na shangazi yake. Anahudumiwa, anahamishiwa wodi ya akili, kufika Jumatano anacheka na masista na Alhamisi anaruhusiwa. Karatasi inasema nini? Dawa tatu, olanzapini, kabamazepini, daiazepamu, halafu pale chini TCA 4/52. Yaani rudi baada ya wiki nne. Wiki nne jameni! Mtu ambaye Ijumaa ameona tiki mbili za bluu na hakuweza kungoja ajibiwe hadi asubuhi, wewe unamwambia angoje mwezi. Na anarudi chumba kile kile, simu ile ile, yule jamaa anapita pale nje na mwingine, na mkononi ana mfuko wa dawa za mwezi mzima tumempa sisi wenyewe, yeye aliyeletwa kwetu kwa sababu ya kumeza dawa.

Kabla wiki mbili ziishe amerudi. Mlangoni anapokelewa na "huyu tena?" Daktari mgeni wa zamu anafungua faili, wa kwanza aliandika bipolar, wa pili saikosisi, na yeye anaandika yake na kuongeza dawa ya nne, maana kuongeza kila mtu anajua, wa kupunguza hajazaliwa. Na dawa ya bodalaini yenyewe haipo! Sijaitunga mimi, mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu kule Uingereza, ulisema hivyo 2009: dawa ni ya ugonjwa mwingine ulioandamana nayo, kama depreshoni, na ile ya kutuliza wakati wa dharura isizidi wiki moja.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema, "Daktari, kwa hivyo tusilaze, na akijiua?" Sijasema hivyo. Akiwa hatarini mlaze, lakini siku chache na kwa sababu inayojulikana. Ninachosema ni kwamba kwa mtu yeyote anayetoka wodi ya akili, zile siku za kwanza nyumbani ndizo mbaya zaidi, na ndizo hizo sisi tunamwachia shangazi peke yake. Mpe kliniki ndani ya siku saba. Mpigie simu siku ya pili, hiyo ni bob ngapi? Dawa mpe za wiki moja moja, shangazi ndiye akae nazo.

Mwingine ataniambia "anajifanya tu ndio aangaliwe." Hiyo hunichosha kabisa. Marsha Linehan, aliyeanzisha DBT kule Seattle, yaani tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kumudu hisia kali, alifungiwa hospitali Connecticut akiwa msichana tangu 1961, zaidi ya miaka miwili, akijikata na kujichoma, na alikuja kulisema hadharani 2011. Naye alikuwa anajifanya? Utafiti wake wa 1991 ulionyesha waliopata DBT walijiumiza kidogo na wakalala hospitali siku chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sawa, DBT kamili na kikundi cha kila wiki na mshauri wa kupigiwa simu hatuna. Lakini beseni tunayo. Maji baridi, inama, uso ndani, shika pumzi kama nusu dakika, moyo unapunguza mbio na ile mawimbi ya hisia inashuka kidogo. Kama ana shida ya moyo mwachie hiyo. Mfundishe akiwa ametulia, si usiku ule wa kelele.

Ehe, naona mkono wa mratibu. Haraka basi. Wanapona: Mary Zanarini na wenzake, hospitali ya McLean kule Marekani, walifuata wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, na ndani ya miaka 10 asilimia 93 walikuwa wamekaa angalau miaka 2 bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa bodalaini. Kazi na mahusiano ndizo zilichelewa, hapo ni nusu tu walifika. Mambo ya sheria, wale bado mnadanganya kaunta kwamba "alikula kitu kibaya" kwa kuogopa polisi, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kile cha kumshtaki aliyejaribu kujiua, kinaenda kinyume na Katiba, kwa hivyo mwambieni daktari ukweli. Ya watoto wa shule na ya pombe nimeyaruka.

Maswali. Mama wa leso ya kijani aanze, na kama ni bili tafadhali muulize huyu aliyeshika saa.