Twiga wa Ndeshi na Bomba la Inchi Nne

LOMA: Karibuni tena. Arusha baridi imeshika, Ndeshi kajifunika shuka la kimasai humu humu studio. Leo nina hoja tano za kuwashika mkono wasanii wetu, zipo kwenye karatasi. Ila dada, kwanza tuambie habari za twiga.

NDESHI: Usinianze. Jumamosi nimepeleka picha ya Tingatinga harusini Moshi, twiga kachorwa kwenye kitambaa, nimeikunja. Naitandaza mbele ya watu, rangi ya shingo imeng'oka, imebaki mgongoni mwa kitambaa. Mama mmoja akasema, "Swala mzuri."

LOMA: Aisee! Haya, hoja ya kwanza: nunua kazi kwa mchoraji mwenyewe...

NDESHI: Ngoja kidogo. Watu wajue kwanza wananunua nini. Ile rangi ya mafuta ya kung'aa hukauka juu mapema. Kesho yake ukiigusa haishiki kidole, lakini chini bado laini. Thina ikishapaa, rangi inakomaa kwa kuvuta hewa, na baridi ya mwezi wa saba inaichelewesha. Sasa shingo ya twiga ina msingi, ina njano, ina madoa juu yake. Tabaka tatu. Ukiikunja mapema, lazima ing'oke hapo.

LOMA: Mtu atajuaje kama imekomaa?

NDESHI: Bonyeza ukucha pembeni, mahali penye rangi nene. Ukucha ukiacha alama, picha iache ukutani. Mimi nasema wiki tatu, na msimu wa masika zaidi.

LOMA: Mbona mzee Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji huu, hatukusikia akilalamikia kukunja?

NDESHI: Alikuwa anakunja nini? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye hadibodi, ule ubao mwembamba mgumu, kwa rangi za kupaka baiskeli. Hadibodi haikunjwi. Shiti ya futi 8 kwa 4 ukiikata unapata vipande vinane vya futi 2 kwa 2, ndiyo maana picha nyingi za wakati ule ni mraba. Kitambaa kimeshika kasi kwa sababu ya mabegi ya watalii. Rangi ni ileile ya kwenye ubao, tukaihamishia kwenye kitu kinachopinda.

LOMA: Basi swala wako kauawa na utalii.

NDESHI: Twiga! Na kukunja kwenyewe kuna namna yake. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, lile la maji machafu...

LOMA: Subiri. Unaingia harusini na bomba la choo?

NDESHI: Jipya, kaka! Unaizungushia picha kwa nje ya bomba. Upana ule ndio dawa, maana ukikunja kama msokoto wa sigara rangi inapasuka. Na upande uliochorwa uangalie nje.

LOMA: Nje? Si itachubuka?

NDESHI: Utaifunika. Rangi ikiwa ndani inabanwa, inatengeneza makunyanzi ambayo hayatoki tena. Ikiwa nje inavutika kidogo tu, ukitandaza inarudi. Juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Gazeti linagandia na kuacha wino, na nailoni ndiyo mbaya kabisa kwa rangi isiyokomaa. Mwisho kitambaa safi na kamba, bila kukaza.

LOMA: Hoja ya kwanza bado inasubiri hapa.

NDESHI: Ndiyo hii. Ukinunua kwa mchoraji mwenyewe unaweza kumuuliza alipakaje kitambaa kabla ya kuchora. Amerikani, kile kitambaa cha pamba, ifuliwe kwa maji ya moto, itoe wanga na isinyae kabisa. Ivutwe kwenye fremu. Gundi nyeupe ya mbao, kipimo kimoja kwa maji viwili, ikauke. Halafu rangi ya maji nyeupe mikono miwili, msasa laini katikati. Ukiruka gundi, mafuta ya rangi yananyonywa na kitambaa. Geuza picha, utaona madoa ya mafuta kwa nyuma.

LOMA: Na rangi ya maji ya bei ya chee?

NDESHI: Ile ina unga mwingi kuliko gundi. Pitisha kidole penye nyeupe tupu. Kikitoka na unga kama chaki, picha hiyo ukiikunja inamwaga maganda.

LOMA: Sawa. Hoja ya pili, bei. Mimi nasema mchoraji awe na bei ya mwenyeji na bei ya mgeni.

NDESHI: Hapana.

LOMA: Nisikilize kwanza. Aprili na Mei watalii wanapungua, duka linalala. Mwalimu wa Njiro akipata picha kwa nusu bei, ukuta wake unakuwa tangazo mwaka mzima.

NDESHI: Rangi ameinunua nusu bei? Kodi ya chumba? Mwenye duka la rangi hamuulizi mteja wake ni mtalii au mwenyeji. Anayetaka kuuza kwa wenyeji achore ndogo. Kile kipande cha futi mbili akikigawa mara nne, mwalimu anapata picha ya futi moja anayoimudu.

LOMA: Kwa hiyo sisi wenyeji fungu letu ni vipande?

NDESHI: Fungu lenu ni bei ya haki.

LOMA: Hifadhi zetu mbona zina kiingilio cha raia na cha mgeni? Hujawahi kulalamika getini.

NDESHI: Hifadhi ni mali ya nchi, kodi yangu iko mle ndani. Picha ni mali ya aliyeichora.

LOMA: Na ndiye anayeamua apunguze.

NDESHI: Aamue mwenyewe, sawa. Siyo wewe unafika dukani unasema "mimi wa hapahapa" kabla hata ya salamu.

LOMA: Nitaendelea kusema.

NDESHI: Endelea, ununue swala.

LOMA: Fundi ananionyesha dakika mbili. Hoja ya tatu, mali kauli, msanii anaacha kazi dukani analipwa ikiuzwa...

NDESHI: Hiyo inataka kipindi kizima! Andikeni tu kwenye daftari, nakala mbili: picha ya kazi, bei ya msanii, tarehe ya kuhesabiana, na nani analipa ikiharibika dukani. Wote wawili msaini.

LOMA: Ya nne ilikuwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Ya tano...

NDESHI: Kununua picha hakukupi ruhusa ya kuichapa kwenye fulana, hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Ya tano ni nini?

LOMA: Fremu. Mafundi wa fremu...

NDESHI: Haya, hiyo ndiyo ya maana, mbona umeiweka mwisho?

LOMA: Wewe umekaa kwenye bomba nusu saa! Jamani, kwaherini, wenye studio wameshafungua mlango.