Wiki za mwanzo Leipzig: barua ya chuo unayo, chumba je?

Assalaam alaykum jamani. Mnaniona nimevaa koti chumbani, msicheke. Hita ninayo, ila bili yake naijua.

Leo hakuna theluji, hakuna picha za stesheni kubwa. Naongea na nyinyi mnaosaka chuo Ujerumani, wa Unguja, Pemba, Dar na kwengineko. Na zaidi naongea na wazee wenu, kwa hiyo ukimaliza kutazama mpelekee baba.

Nikiwa nyumbani niliona watu wanahangaishwa na kitu kimoja tu, barua ya chuo. Dalali anakwambia toa milioni mbili nikutafutie nafasi. Milioni mbili za nini? Maombi ya vyuo vingi yanapitia uni-assist, ofisi inayopokea kwa mtandao maombi ya wanafunzi wa nje. Ombi la kwanza euro 75, na kila chuo unachoongeza muhula huohuo euro 30. Unajaza mwenyewe barazani, bando lako na kahawa yako. Ada vyuo vingi vya umma hawatozi, unalipa mchango wa muhula basi. Angalia tu jimbo: Baden-Württemberg sisi wa nje ya Umoja wa Ulaya tunalipa euro 1,500 kila muhula. Kwa hiyo barua ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni chumba.

Sikilizeni kwa makini hapa. Ukishahamia pahali, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya mji. Wenyewe wanaita Anmeldung. Kule wanataka karatasi iliyosainiwa na aliyekupa nyumba, inayosema kweli huyu anakaa hapa. Sasa wewe umefikia kwa rafiki, umelala sebuleni. Rafiki mwenyewe mpangaji, anamwogopa mwenye nyumba wake, karatasi hiyo hakupi. Bila karatasi hujaandikishwa. Hujaandikishwa, benki nyingi hapa hazikufungulii akaunti. Huna akaunti, pesa zako huzipati.

Pesa zipi? Zile ulizofungia kabla ya viza. Ni euro 11,904 za mwaka mzima, zinakaa kwenye akaunti maalumu, na zinatoka euro 992 kwa mwezi, tena zinaingia kwenye akaunti yako ya kawaida tu. Ile ambayo hujaifungua! Basi utamkuta kijana ana karibu euro elfu kumi na mbili kwa jina lake, na anakopa hela ya mkate. Sitii chumvi, watu wa hivyo nimekaa nao meza moja kantini.

Na huku nyumbani, ukoo umechanga, mwengine kauza shamba la mikarafuu, wote wanajua mtoto ana hela. Wiki ya kwanza tu anaanza kuombwa simu. Jamani, 992 hiyo tuihesabu. Bima ya afya inakula zaidi ya 140. Kodi ndiyo kubwa kuliko vyote. Halafu kuna euro 18.36 za redio na televisheni ya taifa, kila nyumba kila mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Mkikaa watatu mnagawana, ukikaa peke yako pole. Unachobakiwa nacho ni cha kula, na cha kula chenyewe ukipike mwenyewe.

Mtasema atafanya kazi. Atafanya, ruhusa ipo: siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Lakini kazi haziji miezi ya mwanzo, hasa kama Kijerumani chako kinaishia kwenye kusalimia. Mimi naona mtu asipande ndege bila chumba chenye karatasi, hata kama ni cha miezi mitatu tu, na awe na pesa mkononi za kumvusha miezi miwili. Foleni ya dakhalia za wanafunzi jiandikishe siku uliyopata barua. Usingoje viza, foleni haikungoji. Na mtu wa mtandaoni akitaka umtumie kodi kabla hujaiona nyumba, akasema yeye yuko safari funguo atakuletea kwa posta, mfungie namba hapohapo. Huyo mwizi.

Mimi nakaa Grünau, mtaa wa huku Leipzig. Ngoja nigeuze kamera... mnaona? Wa Unguja semeni wenyewe, hapa si yale magorofa yetu ya Michenzani? Walioweka magorofa haya ni walewale Wajerumani Mashariki waliotusaidia kujenga baada ya Mapinduzi ya 1964. Hapa walianza 1976. Siku ya kwanza nilishuka kwenye tramu na mabegi, nikatafuta kwa macho muuza mishikaki. Hakuna. Mishikaki, mchele wa maana, nyama ya halali, yote utayapata barabara ya Eisenbahnstraße kwa Waarabu na Waturuki, ila nenda Jumamosi. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa nchi nzima, na kama hukununua utakunywa chai kavu. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 zako kila moja, unazirudisha dukani kwenye mashine.

Giza nalo mnaliuliza sana. Linakuja. Desemba hapa jua linazama saa kumi jioni, kwetu ndiyo kwanza waadhini wanaita alasiri. Wengine linawaangusha, wanalala mchana kutwa. Mimi natoka asubuhi hata kama sina kipindi, nakaa maktaba.

La mwisho ni la mama yangu, nyinyi wengine vumilieni. Mama, Jumapili ya mwisho ya Oktoba hawa wamerudisha saa nyuma. Tulikuwa tunapishana saa moja, sasa ni mbili. Ukinipigia ukimaliza kuswali alfajiri, mimi kwangu saa tisa usiku, na wenzangu ukutani wanagonga. Piga baada ya isha. Hapo nishatoka darasani, na sufuria liko jikoni.